Jino lililobaki mdomoni halina risiti

Juzi usiku umeme ulikatika, nikawa nimekaa barazani napunga mbu kwa kanga, meseji ikaingia. Ni binti mmoja aliyefanya mafunzo kwa vitendo kwenye chumba chetu cha meno mwaka juzi. Jina lake silitaji, hajanipa ruhusa.

"Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Hivi tabibu meno akiajiriwa serikalini anaanza na shilingi ngapi? Baba ananiuliza."

Nikaandika marahaba. Nikaandika tarakimu, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta nayo. Tarakimu naijua, na ngazi yake huandikwa kwenye matangazo ya ajira. Ila mzee huyo aliuza ng'ombe kumlipia binti ada ya miaka mitatu, na ngazi ya mshahara nikimtumia peke yake nitakuwa nimemdanganya. Nikamwambia asubiri nitamwandikia vizuri. Nimeandika, imekuwa ndefu, nimeona niiweke hapa na wengine waisome.

Kwanza kwa msiojua kazi yetu. Nchi nyingine wana wataalamu wa usafi wa kinywa, kada kamili inayosimama yenyewe: kukwangua ukoga, kupaka floraidi (madini yanayokinga meno yasioze, yasipozidi kipimo), kutazama fizi, kufundisha watu kupiga mswaki, kulibaini jino bovu kabla halijaanza kuuma. Mwalimu wetu mmoja Tanga alipenda kutukumbusha kwamba kada hiyo ilianzia Bridgeport kule Marekani, ambako Dk. Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman mwaka 1906, akafungua mafunzo rasmi mwaka 1913, na wahitimu wake wa mwanzo wakapelekwa kwenye shule za umma za mji huo. Yaani tangu siku ya kwanza hii ilikuwa kazi ya umma, kazi ya watoto wa shule. Kwetu kazi hiyo inabebwa na tabibu meno, anayeibeba pamoja na kung'oa, kuziba, kutumbua majipu ya fizi, na kumpigia simu daktari wa meno wa mkoa pale taya linapokuwa limevunjika kwa bodaboda.

Niliingiaje humu? Kwa meno yangu mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, pale Arumeru, barabara ya Arusha kwenda Moshi. Jina la mahali linajieleza. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na sisi tulikuwa tunakunywa tu, na meno yetu yakatoka rangi ya kahawia. Nyumbani hakuna aliyeshangaa, maana wote tulikuwa hivyo. Nilikuja kushangaa nilipokwenda sekondari ya bweni na wasichana wa Dar wakanibatiza "Majani". Nikajifunza kucheka nimefumba mdomo. Ngurdoto, jirani na kwetu, kuna kituo cha utafiti ambako floraidi inachujwa kwenye maji kwa mkaa wa mifupa. Nilipelekwa huko na mwalimu wa kemia, na nadhani ndiyo siku niliyojua kwamba rangi ya meno yangu ilikuwa na maelezo, haikuwa uchafu. Leo kazi yangu ni kuwahimiza watu watumie dawa ya meno yenye floraidi. Mungu ana utani wake.

Chuo nilisoma Tanga, pale Bombo, hospitali inapotazama bahari. Miaka mitatu hadi stashahada. Ni mafunzo mazuri, nasema bila kupepesa macho. Unaanza na meno ya plasta, unakwenda kwa wenzako (niliyemchoma sindano ya ganzi ya kwanza maishani bado ni rafiki yangu, sijui kwa nini), kisha kwa wagonjwa, na daftari lako la kazi linasainiwa jino kwa jino. Tulifundishwa pia kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa wala umeme: unakwangua sehemu iliyooza, unajaza saruji maalumu inayoachia floraidi. Njia hiyo ilibuniwa hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, pale chuo cha meno Dar es Salaam, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima mwaka 1994. Nilipoambiwa hivyo darasani nilikaa wima.

Nilimaliza 2015. Na hapa ndipo baba wa binti anapaswa asome polepole.

Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira ili kuwatafuta watumishi hewa. Yakafuata yale ya vyeti feki, ambapo Aprili 2017 watumishi zaidi ya 9,900 walitajwa. Sina ugomvi na uhakiki. Ila sisi tuliokuwa na vyeti halali mkononi tulikaa. Hospitali zilikuwa na wagonjwa, vyumba vya meno vilikuwa na mtu mmoja au hakuna kabisa, na sisi tukaambiwa neno moja tamu: jitoleeni.

Nikajitolea miaka miwili na miezi kadhaa kwenye hospitali moja ya wilaya. Saa moja na nusu asubuhi niko kazini, koti jeupe nimenunua mwenyewe. Ijumaa, siku ya gulio, tulikuwa tunaona hadi watu 30. Nang'oa, nasafisha, nachemsha vifaa, naandika rejesta. Kwenye safu ya sahihi anasaini mwajiriwa, maana mimi kisheria sikuwapo. Posho ilikuwa elfu 60 kwa mwezi, kutoka makusanyo ya hospitali, mwezi ambao makusanyo yamekaa vizuri. Ukiniuliza mshahara wangu wa kuanzia katika utumishi wa umma ulikuwa kiasi gani, jibu la kweli ni hilo: elfu 60, ikipatikana. Chumba chenyewe nilipanga kwa elfu 25, na jioni nilikuwa nauza vitumbua vya oda.

Ajira ilitoka 2018. Orodha ya TAMISEMI iliwekwa mtandaoni saa za jioni, simu yangu ikazunguka mpaka bando likaisha, jina langu akaliona shemeji yangu. Nimepangiwa halmashauri ambayo ilibidi nilale njiani usiku mmoja kuifikia, niripoti ndani ya siku 14. Nauli nilikopa. Posho ya kujikimu ambayo mwajiriwa mpya anastahili, afisa utumishi alinijibu kwa upole kabisa: "Dada yangu, fungu halijaingia. Wewe anza kazi." Nikaanza. Mshahara wa kwanza ulisoma nikiwa na mwezi wa tatu kazini, kwa sababu jina lilichelewa kuingia kwenye mfumo. Ile posho ya kujikimu niliipata nikiwa nimeshazoea kuishi bila kujikimu.

Slipu yangu ya kwanza ninayo mpaka leo, kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ubatizo. TGHS B, ngazi ya mishahara ya watumishi wa afya, hatua ya kwanza, 680,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF, uliokuwa umezaliwa mwaka huohuo, ulichukua asilimia 5, yaani 34,000. Bima ya afya asilimia 3, 20,400. Chama cha wafanyakazi, ambacho sikumbuki kama nilijiunga nacho, asilimia 2, 13,600. Kodi 79,600. Zikabaki 532,400. Kati ya hizo nililipa deni la nauli, deni la godoro, na elfu hamsini nikamtumia mama, akapiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Niwe mkweli: sikuwa nalipwa vibaya kuliko wote. Dada wa maendeleo ya jamii tuliyeripoti naye siku moja, mwenye stashahada kama yangu, aliwekwa TGS C, ngazi ya watumishi wa kawaida, 530,000 kabla ya makato. Yule akisikia nalalamika ana haki ya kunitazama kwa jicho la pembeni. Kinachoniuma siyo ile 680,000. Kinachoniuma ni kwamba nililetewa mtu aliyemaliza chuo juzi, hajawahi kung'oa gego la mwisho peke yake, na tukawekwa hatua moja, shilingi kwa shilingi. Ile miaka miwili yangu ya kuinama juu ya vinywa vya watu haikuhesabiwa hata mwezi mmoja. Serikali iliipokea kazi, ikasahau kuandika kwamba imeipokea.

Sasa tuje chumbani.

Kiti chetu kinapanda lakini kushuka mpaka umbembeleze. Taa yake ilikufa, natumia tochi ya kichwani, zile wanazovaa wachimbaji. Ganzi ipo, nashukuru, ikikosekana hapo hakuna kazi. Ile saruji ya kuzibia, ile ya ule ufundi wetu uliozaliwa Dar, huja kwa msimu kama maembe. Kwa hiyo anakuja kijana ana tundu dogo ambalo ningeliziba kwa dakika ishirini, namwambia arudi baada ya wiki mbili, anarudi baada ya miezi minane jino limeoza mpaka kwenye mzizi, nang'oa. Kung'oa ni elfu kumi. Kumbukumbu namba ya malipo inatoka, analipa, mapato yanaonekana kwenye mfumo, kila mtu anafurahi isipokuwa mwenye jino.

Mwaka juzi nilijipangia ratiba ya kwenda shule nne za msingi, kila Jumatano. Hakuna aliyenituma. Nilibeba taya kubwa la plasta na mswaki mrefu kama ufagio, watoto wakafurahi, nikatazama vinywa, wenye shida nikawaandikia vikaratasi kwa wazazi. Mwisho wa mwezi kwenye kikao cha mapato, kila kitengo kinasomewa chake. Meno tulikuwa tumeshuka. Mkuu wangu, mtu mwema kwa kweli, akaniuliza mbele ya wote: "Dada, hizo shule zinalipa?"

Nikasema hazilipi.

"Basi tuangalie namna."

Na namna yenyewe mnaijua. Jumatano nimerudi kitini. Sikumlaumu sana. Anaulizwa mapato na wa juu yake, naye hawezi kujibu kwa meno ambayo hayakung'oka. Jino lililobaki mdomoni halina risiti.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja na mtoto wa miezi mitano. Homa, fizi ya juu imevimba, usaha. Bibi wa mtoto alikuwa ameona vivimbe vyeupe pale chonge zinapokuja kuota, akasema ndiyo hayo meno ya nailoni, ndiyo yanayomharisha mtoto, akampeleka kwa mtu mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa. Wengine huyaita meno ya plastiki. Hakuna ugonjwa huo. Ni vichipukizi vya meno ya kawaida ya utoto, na mtoto anaharisha kwa sababu nyingine kabisa, maji au chupa chafu. Wakivichimba wanaweza kuharibu hata meno ya ukubwani yaliyo chini yake, na spoku moja inapita kwenye midomo ya watoto wangapi, hakuna anayehesabu. Nilimsafisha mtoto, nikampeleka kwa daktari wa watoto akaanzishiwa dawa. Kisha nikakaa na mama na bibi. Dakika arobaini. Bibi alikuwa mkali mwanzoni: "Mwanangu, mimi nimelea saba, wewe una wangapi?" Nikamjibu sina hata mmoja, shikamoo bibi, ila naomba unisikilize. Nikamfungulia kitabu cha picha, nikamwonyesha mahali jino linapolala ndani ya fizi kama mbegu. Alinyamaza muda mrefu. Alipoondoka aliniachia ndizi mbili. Baadaye niliambiwa anawakataza wenzake kule kijijini, na kwa maneno makali kuliko yangu. Ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Mtoto wa umri huo anatibiwa bure, na ndivyo inavyopaswa. Kwenye mfumo, dakika zile arobaini ni sifuri.

Ndiyo maana nikisikia mjadala wa mshahara wa kada yetu ukiishia kwenye "waongezwe", nachoka. Waongezwe, ndiyo, sikatai. Julai 2022 kima cha chini kilipopanda kwa asilimia 23.3 sisi wa katikati tulifungua slipu zetu tukacheka kicheko cha msibani. Mei Mosi ya 2025 pale Singida ikatangazwa kutoka 370,000 kwenda 500,000 kwa kima cha chini, asilimia 35.1, nikapiga makofi kwa dhati kwa ajili ya mhudumu wetu anayesugua sakafu ya damu kila jioni. Hiyo ni haki yake. Swali langu ni jingine: mshahara unaanza lini, na mtu anafundishwa na nani baada ya chuo?

Wenzetu wa Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moyo wa ugomvi ulikuwa malipo ya walio mafunzoni: mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,400 za Kenya kwa mwezi, serikali ikasema 70,000. Watu wengi hapa kwetu walishangaa kiasi hicho kikubwa. Mimi nilishangaa jambo dogo zaidi, kwamba kulikuwa na tarakimu ya kugombania. Anayejitolea kwetu hana mkataba wa kuuvunja. Akilalamika anaambiwa, wewe si ulikuja mwenyewe?

Na mafunzo kazini. Leseni yangu inataka pointi za kujiendeleza. Nazipata wapi? Kozi ya siku tano ya huduma ya meno kwa watoto niliilipia mwenyewe, nauli mwenyewe, chumba mwenyewe, na siku zikakatwa kwenye likizo yangu. Niliporudi nimejifunza kumshika mtoto mwoga bila kumfunga kwa shuka, na faida hiyo nikaipa hospitali bure. Mwenzangu mmoja aliomba ruhusa akaenda kusoma udaktari wa meno, miaka mitano na mwaka wa mafunzo kwa vitendo juu yake, akarudi. Huyo alifaulu. Mwingine alichukua shahada ya afya ya jamii kwa ajili ya kazi hii hii ya shuleni, aliporudi akaambiwa muundo wa kada yetu haumtambui kwa shahada hiyo. Yupo bado kwenye ngazi ya stashahada, cheti kiko ukutani sebuleni kwake. Akaniambia, "Watoto wanakitumia kama kioo." Na ukibadilishiwa kada unaweza kujikuta unaanza chini na wapya, mshahara wako wa zamani umebakizwa kama mshahara binafsi, miaka inapita hausogei mpaka ngazi mpya ikukute. Watumishi wanaujua msemo huo, na namna unavyokaa kama jiwe kwenye kiatu.

Mimi ningeanzia kwa anayejitolea. Apewe barua yenye tarehe na posho inayojulikana, sahihi yake iwe kwenye rejesta, na akija kuajiriwa miaka ile ihesabiwe kwenye hatua za mshahara. Hilo halihitaji kiti kipya cha meno. Linahitaji karatasi. Halafu Jumatano moja kwa mwezi ya shule iandikwe kwenye mpango wa afya wa halmashauri na kupewa mafuta ya pikipiki, ili nisiwe naiba muda wa mwajiri kufanya kazi ya mwajiri. Mwenye kusomea kinga atambuliwe kwa kinga. Kama siku moja tutakuwa na kada ya usafi wa kinywa peke yake sijui, wakubwa zangu wa taaluma wanabishana, wengine wanasema tutagawanya wachache tulionao. Naelewa hoja yao. Lakini kwa sasa anayekwangua ukoga ndiye huyo huyo anayeng'oa, na foleni ya kung'oa haiishi, kwa hiyo ukoga unasubiri.

Jana nilimjibu binti. Nilimwandikia ngazi, makato, na kile kinachobaki, na mstari mmoja wa ziada: kabla ya hapo kuna kujitolea, mwambie baba aweke akiba ya mwaka mmoja mpaka miwili. Akanijibu kwamba ameshaanza kujitolea, miezi minne sasa, kituo kimoja cha afya, na posho bado hawajampa. Alikuwa anaona aibu kuniambia.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wangu. Nikamwomba binti aje kwetu, kwa barua, kwa laki moja na nusu kutoka makusanyo ya chumba cha meno chenyewe. Akafungua mfumo, akatazama mapato yetu ya mwezi uliopita, akakuna kichwa. Akasema laki moja na ishirini. Nikasema na sahihi yake kwenye rejesta. Akanitazama kama hajaelewa kwa nini hilo ni la kuomba, kisha akasema, "Hilo nalo ni neno? Asaini."

Anaripoti Jumatatu. Nimemwambia asinunue koti, nina la pili.